Linux gani? Mama wa sekretaria anajibu, kutoka njia ya Kasapa

Watu wakileta mashini kwangu wanakuja na swali lile lile: "Mama, Linux gani ni nzuri?" Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows, ila yenyewe iko ya aina nyingi. Simjibu mtu papo hapo. Nauliza mawili kwanza. Mashini hii ikigoma kesho asubuhi, nani atakula hasara? Na kwa wiki unanunua mega ngapi za intaneti? Ukinijibu hayo bila kunidanganya, nusu ya kazi imekwisha. Mambo ya RAM na prosesa nitayaona mwenyewe nikiiwasha.

Niko na sekretaria hapa Lubumbashi, kwenye njia ya Kasapa wanakopita wanafunzi wa chuo kikuu. Mashini nne, imprimanti mbili, na fotokopi moja ya zamani yenye hasira zake. Tunachapa TFC na memwari (kazi za wanafunzi za kumaliza masomo), barua za kuomba kazi, ratiba za harusi na za matanga. Informatiki sikusomea, nilisomea ualimu. Linux ilinijia kwa njia ya flashi.

Wenye sekretaria wenzangu wanajua ninachosema. Mwanafunzi analeta flashi, unaichomeka, unakuta folda zote zimegeuka njia za mkato, kazi yake ya miezi sita haionekani, na kabla hujashtuka kirusi kimeshahamia kwenye mashini yako kinangoja flashi ya mteja anayefuata. Ilifika wakati wanafunzi wakaanza kuambiana kwamba ugonjwa unatoka kwangu. Walikuwa na haki. Siku moja kijana wa politeknike akachomeka flashi ya namna hiyo kwenye mashini yake ya Linux. Mafaili yote yalikuwa pale, yamekaa kimya, na pembeni kile kifaili kigeni ambacho hakikuweza kufanya neno, maana kimeandikwa kwa ajili ya Windows. Kirusi kilikuwa kimeyaficha mafaili kwa alama ambayo Windows inaitii na Linux haiijali. Jumamosi ile ile nilibadilisha mashini moja. Zile tatu zilifuata taratibu, na katikati nilikosea mara nyingi kuliko nitakavyoeleza hapa.

Unga na bukari

Linux yenyewe ni kerneli tu, ile sehemu inayosemezana na diski, kioo na klavie (kibodi). Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Kerneli peke yake haichapi barua. Ni unga, bado si bukari (ugali). Distro, yaani Linux iliyokamilika pamoja na programu zake, ni sahani iliyokwisha kuandaliwa: kuna waliosonga, wakatia sombe, wakachagua samaki, na wakaamua (hili ndilo watu wanalisahau) sufuria itarudi jikoni kila baada ya muda gani.

Sahani ni nyingi ila majiko ni machache. Jiko la Debian liliwashwa 1993. Humo ikatoka Ubuntu mwaka 2004, ya Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini, na katika Ubuntu ikatoka Linux Mint mwaka 2006. Hizo tatu zinaweka programu kwa amri moja, apt. Jiko la pili ni Fedora, lipo tangu 2003, linafadhiliwa na Red Hat, amri yake ni dnf. La tatu ni Arch, la 2002, amri pacman. Yako na mengine, kama openSUSE, Slackware ambayo ni mzee wa 1993 na bado anatembea, na Gentoo, ambako hata mahindi unasaga mwenyewe. Kwa mtu anayeanza, majina haya yote yasimtie hofu. Rangi ya kioo na mahali menyu ilipokaa unaweza kubadilisha ndani ya distro yoyote. Usichoweza kubadilisha ni ratiba ya jikoni, na kwa sisi wa mega za kununua, ratiba ndiyo kila kitu.

Hesabu ya mega

Distro ziko za namna mbili. Za kwanza zinatoa toleo, zinaligandisha, kisha kwa miaka zinatuma marekebisho ya usalama na ya makosa tu. Debian inatoa toleo jipya takriban kila miaka miwili. Ubuntu inatoa lile la muda mrefu, LTS, kila baada ya miaka miwili mwezi wa nne, na kulihudumia miaka mitano. Toleo la 24.04 ni la mwaka 2024. Mint inajengwa juu ya hilo la LTS, kwa hiyo matoleo yake ya 22 yanahudumiwa mpaka 2029. Angalia vizuri: Ubuntu inatoa pia matoleo ya katikati, kila miezi sita, ambayo yanahudumiwa miezi tisa tu. Kijana anapakua lenye namba kubwa kwa sababu namba kubwa inapendeza, na mwaka haujaisha anarudi kwangu kwamba apt haipati kitu. Chukua lenye herufi LTS, basi.

Namna ya pili haina toleo. Arch ni mto: kila siku paketi mpya (vifurushi vya programu) zinapita, nawe unachota. Tumbleweed ya openSUSE pia ni hivyo. Ni raha sana kwa mtu mwenye intaneti isiyopimwa. Kwako unayenunua mega kwa siku au kwa wiki, kila kuchota ni pesa, na ukisema uache kuchota ndipo unapoharibu zaidi. Arch haikubali usasishe paketi moja ukaacha nyingine. Unavuta zote au huvuti. Ukikaa miezi mitatu bila kusasisha kwa sababu mfuko umekauka, utakuta hata funguo za kuthibitisha sahihi za paketi zimepitwa na wakati, na lazima uanze na paketi ya funguo ndipo mengine yakubali kuingia. Nimeona mtu anafuta kila kitu na kuanza upya kwa jambo la dakika mbili, kwa kuwa hakujua.

Fedora iko katikati. Toleo takriban kila miezi sita, na kila moja linahudumiwa karibu miezi kumi na tatu. Maana yake, kila mwaka angalau mara moja uvute mfumo karibu wote upya. Kama ofisi yako inalipa mtandao, sawa. Kama mlipaji ni wewe, fikiri.

Kuna mdomo mwingine unaokula mega usiku: snap, namna nyingine ya kufungasha programu. Ubuntu inaleta baadhi ya programu kwa namna hiyo, na Firefox ni mojawapo tangu toleo la 22.04. Snap zinajisasisha zenyewe, haziulizi. Mama mmoja mwenye sekretaria kule Katuba alinijia analalamika kwamba mega zake zinaisha kabla hajafungua hata barua pepe. Tulikaa, tukaandika amri moja, `sudo snap refresh --hold`, na mambo yakatulia. Kufunga milele si vizuri, kivinjari kinahitaji marekebisho yake, kwa hiyo nilimwambia aifungue siku anayokwenda kwa mtoto wake mwenye Wi-Fi. Mint imeiondoa snap katika mpangilio wake wa kawaida, na kidirisha chake cha masasisho kinakuonyesha orodha na uzito wa kila kitu, kisha kinangoja wewe uamue. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kuwapa wanaoanza Mint. Ule urahisi wake unaosifiwa nauweka nafasi ya pili.

Umeme ukikatika katikati

Hapa nieleze aibu yangu, maana ndiyo iliyonifundisha tofauti ya mwanafunzi na fundi.

Mwaka wangu wa pili na Linux nilijiona nimefika. Nikaweka Arch kwenye mashini ya mapokezi. Niliisoma wiki yake (kurasa zake za maelezo mtandaoni) usiku, nikaandika kila amri kwenye daftari, na siku kioo kilipowaka nikajipigia makofi. Ilienda vizuri mpaka alasiri moja ya mwezi wa pili, mvua inakuja, nikasema nisasishe haraka. Batri ya mashini ile ilikuwa imekufa zamani, ondulere (UPS, ile ya kushika umeme ukikatika) ilikuwa imechomekwa kwenye fotokopi. Umeme ukakatika wakati pacman inaandika upya lile faili dogo ambalo kerneli inalihitaji ili iamke. Uliporudi, mashini haikuamka. Nje kuna wanafunzi sita, kesho ni siku ya kuweka TFC.

Niliponya kesho yake: nikaiwasha kwa flashi, nikaingia ndani ya mfumo kwa `arch-chroot`, nikaandika `mkinitcpio -P`, ikasimama. Kazi ya dakika kumi kwa anayejua, usiku mzima kwa mimi niliyekuwa natafuta kwenye simu. Lakini kilichoniuma zaidi nilikielewa baadaye. Arch inaweka kerneli mpya juu ya ile ya zamani. Hakuna ya akiba, mpaka uweke mwenyewe ile iitwayo linux-lts pembeni. Debian, Ubuntu, Mint na Fedora zinaacha kerneli ya jana ikae, na kwenye menyu ya kuwashia unaweza kuichagua. Umeme ulishakatika mara nyingi katikati ya sasisho kwenye mashini zangu za Debian. Nyingi niliziinua kwa amri hizi mbili tu:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt-get -f install`

Ziandike kwenye karatasi, uzibandike nyuma ya kioo. Na kabla ya kusasisha, ondulere iwe kwenye mashini. Fotokopi itangoja.

Kwa hiyo ukiniuliza fundi ni nani, siwezi kukuambia ni yule wa Arch. Ni yule anayeweza kuiponya mashini yake bila mtandao, gizani, huku mteja amesimama. Kama bado, chagua distro inayosamehe. Hata ukiwa umefika, mashini inayokupa bukari ya watoto iwekee distro inayosamehe. Ile ya kuchezea iwe nyingine.

Anayeanza achukue nini

Wengi wanaokuja sasa wanasukumwa na jambo moja: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, na mashini zao za okazioni (mitumba) zilizotoka Ulaya au Dubai hazikubaliwi na Windows 11, ambayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni. Mashini nzima, kioo kizuri, inaitwa mfu. Haijafa.

Yenye RAM ya giga 4 au zaidi na diski ya SSD (isiyozunguka): Linux Mint Cinnamon. Sura yake mtu wa Windows ataitambua, menyu iko kona ya chini kushoto, saa iko kulia. Yenye giga 2 au 3, au prosesa iliyochoka: Mint hiyo hiyo, toleo la Xfce, ambalo halina mapambo mengi. Chini ya hapo kuna antiX, ambayo sura yake haivutii lakini inatembea. Na ile mashini ndogo ya zamani kabisa, ya biti 32? Usipakue Debian 13, imeacha kutoa kisakinishi cha mashini hizo. Debian 12 bado inacho, na huduma yake ya muda mrefu inafika katikati ya 2028. Baada ya hapo mpe mtoto afungue aone vya ndani.

Nitasema neno ambalo halinipi faida: kabla ya kubadilisha distro, angalia diski. Mashini yenye diski ya kuzunguka itakuwa nzito hata ukiweka distro nyepesi kuliko zote. SSD ndogo ya giga 120 inabadilisha mashini kuliko ushauri wangu wote huu.

Ubuntu yenyewe siikatai. Ukiwa na giga 8, na umezoea simu zaidi ya kompyuta, sura yake itakufaa. Ina faida kwamba karibu kila maelezo utakayoyapata mtandaoni yameandikwa kwa ajili yake, na mengi yanafanya kazi kwenye Mint vile vile.

Kuna watu nawarudisha nyumbani na Windows yao. Mwanafunzi wa mines (uchimbaji madini) ambaye mwalimu wake anataka AutoCAD na Surpac, na mhasibu aliyefungwa na programu ya ofisi yake, hao nawaambia papa, usijitese. Nikate diski vipande viwili ukae na zote mbili, au ubaki ulivyo. Wa jiolojia ana nafuu, programu ya ramani QGIS inatembea kwenye Linux bila shida, na wengi wanaitumia tayari.

Jaribu kabla ya kufuta

Distro karibu zote za kisasa zinawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Tumia nafasi hiyo. Mimi natumia Ventoy: unaiweka mara moja kwenye flashi ya giga 16 au 32, kisha unanakili mafaili ya ISO (kila moja ni distro nzima ndani ya faili moja) ndani kama unavyonakili picha, nne, tano, na wakati wa kuwasha inakuuliza unataka ipi. Ventoy inafuta flashi wakati wa kuwekwa, hivyo usitumie ile yenye picha za ubatizo.

ISO ya Mint inakaribia giga 3. Usiipakue kwa kivinjari, mtandao ukikatika kwenye giga 2 utalia. Tumia torenti, au kwa mwenye Linux tayari `wget -c`, ambayo inaendelea pale ilipokatikia. Debian ina ISO ndogo ya kusakinishia kwa mtandao, haifiki giga 1, lakini itavuta mengine wakati wa kuweka, kwa hiyo usidanganyike na udogo wake. Ukimaliza, `sha256sum` na jina la faili, ulinganishe na namba iliyo kwenye tovuti ya distro. Watu wanaruka hapa. ISO iliyoharibika njiani inasakinishwa vizuri kabisa mpaka asilimia 80.

Kufungua menyu ya kuwashia, HP nyingi ni F9, Dell na Lenovo nyingi ni F12. Ukishaingia, usikae kutazama picha ya nyuma. Washa Wi-Fi, cheza sauti, funga kifuniko ufungue uone kama inaamka. Chomeka imprimanti uchapishe ukurasa mmoja. Imprimanti ndiyo itakayokuua ukiwa na sekretaria. Za HP nyingi zinakubali kupitia programu ya HPLIP. Moja niliyoinunua kwa bei nzuri pale mjini ilinikatalia siku tatu, nikaiuza kwa hasara kwa mtu wa Windows. Tangu siku ile nakwenda dukani na flashi yangu na mashini yangu. Wauzaji wananicheka, sawa.

Wi-Fi ikikataa kwenye flashi, usikate tamaa mara moja. Chipu nyingine, hasa za Broadcom za zamani, zinahitaji draiva ya ziada (programu ya kuendesha kifaa) ambayo Mint na Ubuntu zina kidirisha chake cha kuiweka. Shiriki mtandao wa simu kwa waya wa USB, draiva itashuka kwa njia hiyo. Debian ilikuwa na sifa mbaya katika jambo hili, lakini tangu toleo la 12 la mwaka 2023 kisakinishi chake kinakuja na firmwea nyingi (programu ndogo za ndani ya vifaa).

Klavie sasa. Sisi ni watu wa AZERTY na flashi nyingi zinawaka na QWERTY. Pasta mmoja alijiwekea mfumo mwenyewe, akaandika neno la siri, mashini ikaanza upya, na haikumkubali tena. Aliniletea na maombi juu. Neno lake lilikuwa na a na m. Siku ya kusakinisha alibonyeza a, mashini ikaandika q. Alibonyeza m, ikaandika nukta mkato. Nilimwandikia neno lake kwa vidole vya Kimarekani, likafunguka. Chagua Kifaransa AZERTY kwenye ukurasa wa klavie, na ujaribu kuandika jina lako katika kisanduku kile cha majaribio kabla ya kuendelea.

Ukiamua kuweka pembeni ya Windows: nakili kazi zako nje kwanza. Zima ile kuwasha haraka ya Windows, isipozimwa Linux itafungua diski ya Windows kwa kusoma tu. Kata kipande kwa kutumia Windows yenyewe, kisha mwachie kisakinishi nafasi tupu. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, hakikisha una ufunguo wa kuiponya, umeandikwa kwenye karatasi.

TFC isiharibike

Watu wa sekretaria watanishukuru kwa hili. LibreOffice, programu ya kuandikia tunayotumia kwenye Linux, inafungua mafaili ya Word, lakini ukurasa wa 43 unaweza kuhamia 45, na jedwali la yaliyomo likawa uongo mbele ya juri. Kosa mara nyingi ni la fonti. Liberation Serif ina vipimo sawa na Times New Roman, hiyo inakuja na LibreOffice. Calibri inahitaji Carlito, na Cambria inahitaji Caladea. Ziweke:

`sudo apt-get install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea`

Na mwanafunzi akitaka faili la kwenda kuchapisha mahali pengine, mpe PDF. Usimpe docx, faili la Word, utagombana naye bure.

Waliokwisha kuzoea

Wewe ambaye terminali (dirisha la kuandikia amri) haikutishi, chaguo lako linategemea unachofanya. Mwenye kuandika programu na mashini mpya kabisa, Fedora itamfaa, kerneli yake ni ya karibuni na vifaa vipya vinatambulika mapema. Mwenye kutaka mto lakini anaogopa kuzama, atazame Tumbleweed: kwa mpangilio wa kawaida inapiga picha ya mfumo kabla na baada ya sasisho, na ukiharibu unarudi kwenye picha ya jana kutoka menyu ya kuwashia. Mint wana kitu cha jamii hiyo, Timeshift, na ningependa kila anayeanza akiwashe siku ya kwanza. Arch ninaipenda bado. Imenifundisha mashini ilivyo ndani, na wiki yake naisoma hata nikiwa kwenye Debian. Iko kwenye mashini yangu ya nyumbani, na linux-lts pembeni, na batri nzima.

Kali ni habari nyingine. Kila mwezi anakuja kijana anataka Kali kwa kuwa ameona video ya mtu mwenye kofia anafungua Wi-Fi za majirani. Kali ni Debian iliyopakiwa vifaa vya kupima usalama, na waandaaji wake wenyewe wanaandika kwamba haimfai mtu asiyeijua Linux. Mwanangu, weka Debian. Kifaa unachokitaka kama nmap utakiweka kwa apt, na TFC yako utaichapa humo humo.

Na mimi, baada ya kuzunguka kote, mashini zote nne za sekretaria ni Debian yenye Xfce. Vijana wanasema ni distro ya wazee. Haijawahi kunishangaza asubuhi, na ndicho ninachoilipia.

Ila sababu yangu kubwa siyo hata hiyo. Ni kwamba zote nne ni sawa. Nikivuta paketi kwenye moja, nyingine tatu zinachukua hapo bila kugusa mega. Kwenye mashini moja niliweka apt-cacher-ng, na kwenye zile tatu faili lenye mstari mmoja ndani ya `/etc/apt/apt.conf.d/`:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

Namba hiyo ni ya mashini yangu ya kwanza, weka ya kwako. Sasisho linashuka mara moja, linaliwa mara nne. Jirani mwenye duka la simu aliweka Debian baada ya kuona hivyo, tukavutiana waya juu ya ukuta. Ndiyo maana kabla hujachagua distro, tembea mtaani uulize wengine wana ipi. Kama nyumba ya tatu wana Mint, chukua Mint, toleo lile lile. Siku mtandao umekwisha utakwenda na flashi kuchukua paketi kwenye `/var/cache/apt/archives`. Mwambie jirani atumie `apt-get`, maana `apt` yenyewe inafuta paketi ikimaliza kuziweka.

Flashi yangu iko mezani: Mint Xfce, Mint Cinnamon, Debian 12 na 13, antiX. Njoo na ya kwako tupu, giga 16 zinatosha. Fika kabla ya saa kumi, baada ya hapo umeme wa huku kwetu una mambo yake.